Diski ya Nje ya Kutumia Windows na Mac: Ifomati Hivi

Diski ya nje inayofunguka kwenye Mac lakini haipokei faili hata moja, mara nyingi si mbovu. Imefomatiwa NTFS, mfumo wa Windows, ambao Mac huusoma tu bila kuuandikia. Hatari zaidi ni kinyume chake. Diski iliyofomatiwa APFS, mfumo wa Mac, ukiichomeka kwenye Windows, kompyuta inaweza kukuuliza kama unataka kuifomati. Usikubali! Mafaili yako yamo salama, na kitufe hicho ndicho kitakachoyafuta.

Kwa anayehama kati ya kompyuta hizo mbili, tunashauri mfumo wa exFAT. Windows na Mac zote huisoma na kuiandikia, na Linux pia tangu kerneli (kiini chake) 5.4 ya mwaka 2019. Wengi hukimbilia FAT32 kwa sababu inasomwa karibu kila mahali, ila haipokei faili moja linalofika GB 4. Mpiga video za harusi mwenye faili la GB 11 ataambiwa ni kubwa mno, hata diski ikiwa tupu. FAT32 ibaki kwa flashi ya muziki wa gari.

Kufomati hufuta kila kitu, kwa hiyo nakili kwanza kwingine.

Kwenye Windows, fungua "This PC", bofya kulia kwenye diski, chagua "Format". Hakikisha ukubwa unaoonyeshwa ni wa diski yako, maana herufi D na E zimewafanya wengi wafute isiyo yenyewe. Weka exFAT, "Allocation unit size" usiiguse, na tiki ya "Quick Format" iache. Ukiiondoa, Windows huandika diski nzima: TB 1 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde ni karibu saa 3. Inafaa unapotaka kuiuza diski.

Kwenye Mac, fungua "Disk Utility", nenda "View", kisha "Show All Devices". Wengi huiruka hatua hii. Chagua kifaa chenyewe kilicho juu, si jina lililo chini yake, bofya "Erase", weka ExFAT, na kwenye "Scheme", yaani mpangilio wa diski, weka "GUID Partition Map". Ukifuta lile jina la chini peke yake, diski hubaki na mpangilio wake wa zamani, na ukiwa "Apple Partition Map", Windows haitaisoma hata kama umeweka exFAT.

Jambo moja huwashangaza wenye mafaili madogo mengi. Kwenye diski inayozidi GB 32, Windows huigawa exFAT katika vipande vya KB 128, na faili la KB 3 hukalia kipande kizima. Mafaili 20,000 ya namna hiyo yana MB 60 tu za maandishi, lakini yatakula karibu GB 2.5. Yafunge kwenye faili moja la zip.

Udhaifu mkubwa wa exFAT ni kwamba haina kinga ya kazi iliyokatizwa, tofauti na NTFS na APFS. Ukichomoa waya au umeme ukikatika wakati wa kunakili, folda nzima inaweza kukataa kufunguka. Kila mara tumia "Eject" kwanza, na nakala yako ya pekee usiiweke kwenye exFAT. Time Machine, programu ya Mac ya kuhifadhi nakala, nayo haihifadhi kwenye exFAT. Itengee sehemu yake ya APFS kwenye diski hiyohiyo au nunua nyingine.

Folda zikishaharibika, kwenye Windows fungua "Command Prompt" na uandike amri ya kurekebisha diski, chkdsk E: /f, ukiweka herufi ya diski yako. Mac inaweza kuchelewa kuionyesha diski iliyochomolewa ghafla kwa kuwa inaikagua, iache imalize. Lakini diski ikigongagonga kwa ndani, usiikague wala usiifomati. Ichomoe mara moja, maana kila inapozunguka vichwa vyake vinaweza kukwaruza sahani zenye data, na ipeleke kwa fundi bila kuiwasha tena.