Wajukuu zangu wa besiboli, mjueni Curt Flood

Wajukuu zangu mnaofukuza mpira pale Azania, na wenzenu wa Uganda mtakaosomewa barua hii,

Marahaba. Najua mmeniamkia, hata kama mlikuwa mbioni kurudi uwanjani.

Mjukuu wangu wa damu anacheza katikati, kule nyuma kabisa, na ndiye aliyenifundisha kuutazama mchezo huu ambao mwanzoni niliuona ni rede ya watu wazima. Sasa naelewa kidogo. Wa katikati huanza kukimbia kwa kusikia mlio wa gongo tu, na ndiye anayepaza sauti "wangu!" ili wa kulia na wa kushoto wampishe. Kilichonivutia zaidi ni kwamba akiufuata mpira yeye, mwenzake naye hukimbia nyuma yake, usije ukamponyoka.

Tangu vijana wawili wa Uganda waliposaini na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, naona mawazo yenu yamehamia Marekani. Sina ubaya na hilo. Ila kabla wakala hajawafikia na kalamu yake, mjueni Flood, mchezaji wa Marekani wa zamani.

Alizaliwa Houston mwaka 1938, akakulia Oakland. Mwaka 1956 alisaini na Cincinnati, wakampeleka timu ndogo za Kusini mwa Marekani, ambako Mweusi alivaa jezi moja na Wazungu lakini hakulala nao hoteli moja. Halafu akahamishiwa St. Louis, na kwa timu ya huko, Cardinals, akadumu miaka 12, mlinzi wa katikati. Tuzo ya Glavu ya Dhahabu, ya wanaolinda vizuri kuliko wote, aliitwaa mara 7 mfululizo. Alipitisha michezo 226 bila kosa hata moja. Ubingwa aliuonja mwaka 1964 na 1967. Mwaka 1968, mchezo wa mwisho wa fainali dhidi ya Detroit, aliusoma vibaya mpira mmoja, ukampita juu, na kombe likaenda. Nyie mnaocheza nyuma mnajua: mia unazodaka hazisimuliwi.

Oktoba 1969 akaambiwa amebadilishwa na wachezaji wengine, aende Philadelphia. Hakuulizwa. Mikataba ya wakati ule ilikuwa na kifungu kilichoiruhusu timu kuurefusha mkataba yenyewe, mwaka hadi mwaka, kwa hiyo uliposaini mara moja ulikuwa wao mpaka wachoke nawe. Flood alikuwa akilipwa dola 90,000, na watu wakashangaa analilia nini. Akasema mtumwa anayelipwa vizuri bado ni mtumwa. Tarehe 24 Desemba alimwandikia kamishna wa ligi, Bowie Kuhn, kwamba hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila ridhaa yake. Kuhn akakataa. Flood akaenda mahakamani.

Marvin Miller, kiongozi wa chama cha wachezaji, alikuwa amemwonya waziwazi kuwa huenda ndiyo mwisho wa kazi yake. Flood akauliza kama kesi itawafaa wachezaji wengine. Akajibiwa ndiyo. Basi, twende.

Hapa ndipo ninapotaka mtulie. Chama kilimlipia mawakili, hilo tukubali. Kesi ilisikilizwa New York mwaka 1970. Jackie Robinson, Mweusi aliyewafungulia wenzake mlango wa ligi kuu, amestaafu zamani na mwili umechoka, alikwenda kutoa ushahidi. Hank Greenberg, mstaafu mwingine, alikwenda. Katika wachezaji waliokuwa bado uwanjani, hakutoa ushahidi hata mmoja, wala hakuja hata mmoja kukaa tu pale nyuma aonekane.

Siwacheki. Nilipokuwa kijana kazini, mwenzetu alidai malipo ya saa za ziada ambayo wote tulidhulumiwa. Siku aliyoitwa ofisini nilijifanya nina homa. Alirudi na barua ya kuachishwa, akanikuta nakunywa chai. Hakunisema kitu, na hadi leo natamani angenitukana.

Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia Flood mwaka 1972, majaji 5 kwa 3. Tayari alikwisha kupoteza msimu mzima wa 1970, akajaribu michezo 13 na timu ya Washington mwaka 1971, ikashindikana, akaenda zake Hispania. Mwaka 1975 msuluhishi akawapa haki warushaji mpira wawili waliofuata kukipinga, na kile kifungu kikavunjika. Matunda waliyala wengine. Flood alifariki mwaka 1997, ana miaka 59. Sheria yenye jina lake, ya kuwalinda wachezaji wa ligi kuu, ilitiwa saini mwaka uliofuata.

Kwa hiyo mkiletewa karatasi, msiangalie tarakimu ya pesa kwanza. Tafuteni ni nani anaweza kukuhamisha, ni nani anaweza kukuachilia, na goti likivunjika nani analipa hospitali. Kama imeandikwa Kiingereza kigumu, isubiri siku mbili, wakala hatakufa. Na mwenzenu akiitwa kwa ajili ya posho zenu, nendeni mkakae naye kwenye benchi la nje ya ofisi. Hata msiposema neno.

Jumamosi nitakuja, niwekeeni kiti kwenye kivuli. Mwenye mkataba aje nao kabla hajausaini. Miwani ninayo.

Babu yenu