Binamu, kabla hujanunua kinanda huko Ruwi

Binamu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Ndani yake hakuna pole, hakuna u hali gani, kuna swali moja tu: uchukue kinanda gani huko Ruwi, Muscat, kabla hujarudi Tanga. Miaka minne kimya. Kwenye hitma ya shangazi tulikaa mkeka mmoja tukapeana mikono kama wageni, na leo unaniuliza habari ya kinanda. Nimefurahi, sikufichi. Sauti yako imekuwa nzito, sasa unafanana na baba yako.

Nakujibu hapa, mbele za watu, kwa sababu lile neno la harusini ulinisema mbele za watu.

Ukiingia dukani, muuzaji atakuhesabia kinanda kina sauti ngapi, yaani kinaiga ala ngapi. Mwache amalize. Wewe muulize kinafanya nini ukitoka sauti moja kwenda nyingine huku kidole bado kimebana. Wapiga taarabu tunalijua hilo kuliko wengine, maana siku hizi mtu mmoja nyuma ya kinanda anabeba kazi ya watu watano: ganuni kwenye bashrafu, ule muziki wa kufungulia usio na uimbaji, fidla za kumjibu mwimbaji, akodiani kwenye kiitikio. Enzi za Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu vya Tanga, kila ala ilikuwa na mwenyewe. Mpiga ala mmoja hakunyamaza ghafla ati kwa kuwa mwenzake ameanza.

Kinanda kikikata, si ubovu. Kila sauti huja na vikolombwezo vyake, mwangwi, korasi na vingine, na mashine nyingi za zamani zina nafasi ya seti moja tu. Ukibonyeza sauti mpya, inafuta vya kwanza ipakie vya pili, na noti uliyoishika inakatwa hapo katikati, au inabaki kavu kama mtu aliyevuliwa kanzu. Vinanda vinavyopita laini vinashika seti mbili kwa wakati mmoja: sauti ya zamani inaendelea mpaka uinue kidole, mpya inaanza na noti inayofuata. Korg waliliweka hilo kwenye Kronos mwaka 2011, Yamaha kwenye Montage mwaka 2016, Nord kwenye Stage 3 mwaka 2017.

Lakini hakuna kinachokuja bure. Kronos ina kila kitu, ila ukiizima inachukua dakika mbili hivi kuwaka tena, nawe unazijua harusi za Ngamiani, jenereta likikohoa mara moja basi. Montage ya funguo 61 ina kilo 15. MODX, nayo ya Yamaha, ya mwaka 2018, ya funguo 61, ina kilo 6.6, unaipakata kwenye bajaji, lakini upitaji wake laini unaishia sauti zilizopangwa hadi sehemu nne, yaani tabaka nne zinazolia pamoja, wakati Montage inafika nane. Ukirundika sehemu sita ili fidla zinone, ulaini umeondoka. Haina spika ndani, wala haina midundo ya kukusindikiza kama vile vinanda ulivyovizoea. Mimi ningechukua MODX, nipange kila kitu kwa sehemu nne, na mdundo nimwachie mpiga dumbak alipwe.

Najua utakachojibu. Robo toni, zile noti za Kiarabu zilizo katikati ya funguo mbili.

Hapo ndipo tulipokosana tangu mwanzo, sio harusini. Pesa zilikuwa zetu sote, nami nilisema tutafute kinanda kisichokata. Wewe ukashikilia cha mipangilio ya Kiarabu, mtumba, kwa sababu unaishusha E nusu ya nusu pale pale kwenye paneli ukapata rasti na bayati, zile maqamu za Kiarabu, sawasawa. Ulikuwa umerudi kutoka Muscat mara ya kwanza, umesikia wanavyopiga kule, na masikio yako yalikuwa yamefunguka. Sikukulaumu. Ni kweli, bayati bila ile E inayoning'inia si bayati. Lakini binamu, hesabu nyimbo tunazoombwa. Katika usiku mzima wa rusharoho unaigusa robo toni mara ngapi? Zetu nyingi ni maina tupu, ile skeli ya huzuni isiyohitaji robo toni. Sauti tunabadilisha kila ubeti. Ulinunua kitu cha mara moja kwa mwezi ukakosa kitu cha kila dakika. Na MODX pia inakubali kupangwa robo toni, ila unazama kwenye menyu, unaandaa mapema nyumbani.

Sasa lile la harusini.

Dada yako amekaa, amepambwa, turubai limejaa. Mwimbaji anafika kwenye ubeti alioutunga kwa ajili ya shangazi. Nimeshika D maina kwa fidla, mguu kwenye pedali, shangazi anainuka polepole kwenye kiti, elfu kumi mkononi, anakuja kutunza. Nikabonyeza akodiani. Kimya. Sio kimya kirefu, lakini kilitosha watu wote kugeuka, kilitosha yeye kusimama katikati ya njia, mkono juu, hana muziki wa kumfikisha. Na wewe, uliyekinunua kinanda kile, uliyejua kinakata, ukashika maiki ukasema: "Mpiga kinanda amelala, mwamsheni." Wakacheka. Shangazi akarudi kukaa.

Nimekusamehe pesa. Nimekusamehe kuondoka wiki ile bila kuaga. Lile la maiki, bado.

Huniulizi, lakini nitasema. Ilikuwepo njia ya kukwepa. Unapanga fidla na akodiani pamoja kwenye mkono wa kulia, unaiwasha ya pili bila kuizima ya kwanza, halafu unaiteremsha fidla taratibu. Niliijua. Nilikuwa nimeifanya kwenye harusi ya Chumbageni miezi miwili nyuma. Siku ile nilifika saa moja usiku badala ya saa kumi, sikupanga chochote, kwa sababu nilikuwa nimekasirika na nilitaka usikie mwenyewe jinsi kinavyokata. Nilitaka kikate. Sikutaka kikate pale. Kikate kwenye wimbo mwingine wowote, na mtu mwingine amesimama.

Hata hivyo ungenyamaza tu, binamu. Ungeigusa dumbak, ungepiga kofi, ungefanya lolote.

Asubuhi yake shangazi alikuja kwetu kwa miguu, akafungua pindo la kanga akanipa ile elfu kumi. Akasema jana ilinifika mkononi ikakosa njia. Akauliza kama mashine imepona. Hakuwahi kulitaja neno lako, wala sikumwambia kilichokuwa moyoni mwangu siku ile. Mungu amrehemu. Nilidhani nitakuwa na muda.

Basi nenda Ruwi, na hedifoni zako, usitegemee spika za duka. Chagua sauti ya fidla yenye mwangwi mrefu, shika D maina kwa mkono wa kushoto, kanyaga pedali, halafu kwa mkono wa kulia badilisha uende akodiani. Rudia sauti zikiwa zimerundikwa mbili, tatu, nne. Pima uzito wake mwenyewe, beba mpaka mlangoni. Adapta usihangaike nayo, plagi za kule na zetu ni moja.

Ukimaliza nirekodie kwa simu hiyo D maina, kutoka fidla kwenda akodiani, nisikie mkia wa fidla unavyoisha. Usiongee juu yake.