Dada wa getini, popote ulipo asante sana

Jamani kuna dada mmoja wa pale getini uwanja wa ndege, jina sikulipata, yule mwenye kizibao cha njano na redio ya mkononi, Mungu ambariki. Nilikuwa nageuza, yaani nafika na kurudi hapohapo, na ndege ileile niliyokuja nayo ila kwa tiketi mbili tofauti, na mnajua tena tiketi tofauti kila moja na lwake, ukichelewa ya pili wanaandika hukutokea na nauli imeenda. Sasa tumetua kwa kuchelewa, watu wa kurudi washapanga foleni, na ndege kuwa ileile siyo kinga kama wengi wanavyodhani, maana mara nyingi lazima ushuke, uzunguke, ukaguliwe upya, na geti linafungwa kabla ndege haijaondoka (bado hapo wanaweza kubadilisha ndege kimyakimya). Yeye akaangalia tu bodingi pasi ya kurudi kwenye simu, akaona nina begi la mgongoni basi, akabonyeza redio: "Ninaye mmoja wa kugeuza, msifunge." Kisha akaniambia kaka pita huku, usikimbie sakafu inateleza. Nikaingia wa mwisho kabisa. Dada asante sana, na supavaiza wako akisoma hapa ajue ana mtu wa maana pale.