Yah: Kuumbuliwa mbele za watu kwenye kaunta ya famasi yenu ya Ngamiani

Kwa Meneja,

Habari za kazi. Naandika kwa adabu kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, ila mjue huku mikono inatetemeka. Taratibu zenu siwafundishi, mnazijua, na lile bango la siri ya mteja mmelibandika wenyewe pale juu ya mizani.

Jumamosi ya wiki juzi, saa tatu asubuhi, nilikuja kuulizia P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Kondomu ilipasuka Ijumaa usiku kwenye saa tano hivi. Mimi ni mke wa mtu, nina mtoto wa miezi minane niliyejifungua kwa operesheni, kliniki waliniambia nikae si chini ya miaka miwili ndo nibebe nyingine, na sindano ya uzazi wa mpango nilishaiacha maana damu ilikuwa haikatiki. Haya sikutakiwa kumweleza mtu yeyote kwenye kaunta, nawaeleza nyie tu mjue nilikuja na hofu gani.

Nikamwambia kijana wenu taratibu, kaka naomba P2. Akauliza kwa sauti, "Unataka nini?" Nikarudia. Akachukua boksi kabatini, akalinyanyua juu foleni nzima ikaliona, akasema, "Dada hii inamezwa usiku ule ule, saa hizi ushachelewa, sasa hivi hii ni kutoa mimba, mi siuzi dhambi. Njoo na mumeo." Akalirudisha, akaita mwingine.

Nije na mume gani? Mume wangu dereva, alfajiri ile alishatoka kwenda Horohoro.

Na alichosema ni uongo. Uongo kabisa, toka kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Ile dawa inamezwa ndani ya saa 72, ukiwahi ndo bora, kila saa inavyopita nguvu inapungua. Inachelewesha yai lisitoke, basi. Kama mimba imeshatunga haiitoi. Nilikuwa na saa kumi tu tangu lile jambo litokee, kumi, yaani nilikuja ule wakati ambao ingenisaidia zaidi, na yeye akanirudisha. Angekuwa hataki kuuza si angeniambia basi nenda kituo cha afya wakakuwekee kitanzi, maana kitanzi cha shaba kinazuia hata ukiwekewa ndani ya siku tano na kinashinda vidonge. Hakusema. Alisema dhambi.

Nilivyopiga ile namba yenu ya huduma kwa wateja Jumatatu, dada aliyepokea akaniambia "tumelipokea, tutalifanyia kazi". Mpaka leo simu haijarudi. Nilimuuliza mnalifanyia kazi gani na mimi hujaniuliza hata tawi, akakata.

Ila Jumatatu ilikuwa baadaye. Jumamosi nilitoka pale nikarudi nyumbani Makorora kwa miguu na jua lile, mtoto mgongoni, hata bajaji sikukumbuka kuita. Nikajifungia ndani. Mtaniuliza kwa nini sikuingia famasi nyingine, zipo kibao barabara zote za Ngamiani. Niliogopa. Mtu akishakunyanyulia boksi mbele za watu huna uso wa kuingia duka la pili ukaombe kitu kile kile. Halafu nilimwamini! Alisema nimechelewa, nikajua nimechelewa, nikakaa nalia na kunyonyesha. Mdogo wangu ni nesi Muheza, Jumapili mchana kapiga simu ya kusalimia tu, kasikia sauti yangu, ndo kuniuliza una nini. Alikuja na dawa mwenyewe. Nilimeza saa moja jioni. Hesabuni wenyewe, saa 44. Saa 34 katika hizo ni za kwenu. Akanikalisha saa mbili nzima anatazama saa, maana ningetapika ndani ya muda ule ilibidi nirudie nyingine.

Narudi pale kwenye kaunta kwa sababu sijawaambia yote, nilikuwa naona aibu kuandika. Aliponyanyua lile boksi, nyuma yangu alikuwepo bibi mmoja wa mtaani kwetu, aliyenifundisha Kurani chuoni nikiwa mdogo, huyo huyo ndiye alinifunda siku ya harusi yangu. Alikuja kuchukua dawa ya presha. Kijana wenu anasema "kutoa mimba" yule bibi ananitazama, halafu akainamisha macho chini. Hakusema kitu. Kuna vijana wawili pale kwenye kiti walicheka, mmoja akasema "kumbe", na mhudumu wenu akacheka nao. Akacheka nao! Mimi nimesimama, noti nimeishika mkononi, mwanangu mgongoni ananivuta mtandio. Sisi watu wa Tanga jambo la chumbani ni sitara, hata mama yako mzazi humwambii, na huyu kalimwaga pale kama anatangaza bei ya samaki. Tangu siku hiyo yule bibi nikimsalimia anaitikia "marahaba" tu anapita, zamani alikuwa anasimama ananiuliza mtoto anaendeleaje.

Kamera yenu iko juu ya ile kaunta. Angalieni.

Nilipoanza kuandika nilitaka barua ya kuniomba radhi tu, basi. Sasa nimefika hapa naona haitoshi. Nataka radhi kwa maandishi, yenye mhuri na saini ya meneja, na ndani yake iandikwe wazi kwamba alichosema mhudumu wenu kuhusu ile dawa si kweli, maana hiyo barua nitampelekea yule bibi nimsomee mwenyewe. Nataka kijana yule aondolewe kaunta mpaka afundishwe upya, na wenzake wote wa matawi yenu ya hapa Tanga wafundishwe. Na mtenge sehemu ya mtu kuongea bila foleni kumsikia, hata pembeni tu na pazia. Wapo wasichana wadogo wanakuja pale, wao hawana mdogo wao nesi Muheza.

Nawapa siku saba. Zikipita, barua hii naipeleka Baraza la Famasi na nakala kwa Mganga Mkuu wa Jiji, na safari hiyo nitaandika jina la kijana, lilikuwa kwenye beji nimelishika. Msinipigie kunibembeleza, na vocha zenu za punguzo sizitaki.

Kipimo napima zikifika wiki tatu tangu usiku ule. Kikisoma mimba, nikarudi kwenye kisu na kidonda cha kwanza hakijatimiza hata miaka miwili, msitegemee nitaandika barua nyingine ya adabu kama hii, mume wangu ameshasema tutatafuta wakili.

Siku saba zinaanza leo Jumanne.

Mteja wenu wa miaka sita,
Makorora, Tanga