Barua ya Kufunga Mwaka kwa Wazazi Wetu Wanaozungumza Kiswahili

Coffs Harbour, New South Wales, Australia
Desemba, mwisho wa muhula wa nne

Wapendwa wazazi na walezi,

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za kazi.

Barua ya Kiingereza mmeshaipata kwenye simu, kurasa nne na picha za mahafali. Hii si tafsiri yake. Humu nimeweka yale mnayoniuliza mlangoni, dukani, na mara moja msibani, nikawajibu nusunusu kwa kuwa kengele ilikuwa imeshalia. Ninyi wa Uvira, Fizi na Bukavu mtanivumilia na Kiswahili changu cha Tanga, ambacho watoto wenu wanasema kinafanana na taarifa ya habari ya redio. Na kama una nafasi ya kusoma jambo moja tu, ruka yote haya uende kwenye habari ya bahari, huko chini.

Familia ambazo watoto wao wanaanza Mwaka wa 7 baada ya likizo, karibuni sana. Mwaka wa 7 wa hapa msiuchanganye na darasa la saba la Tanzania. Lile linafunga shule ya msingi. Huu unafungua sekondari, na safari inakwenda mpaka Mwaka wa 12 na HSC, mtihani wa kumaliza sekondari. Mtoto anapangiwa darasa kwa umri wake, hata kama alipoteza miaka mitatu kwenye kambi ya wakimbizi, Nyarugusu au Nakivale, mkisubiri majina yenu yatoke. Wazazi wawili wameniomba nimrudishe mtoto nyuma "apate msingi". Nawaelewa. Lakini kijana aliyeota ndevu ukimkalisha na watoto wa miaka 12 hapati msingi, anapata aibu, na mwenye aibu hanyanyui mkono darasani. Msingi atausaka kwa walimu wetu wa Kiingereza cha nyongeza, na maktabani baada ya masomo, ambako wapo walimu wa kumsaidia kazi za nyumbani.

Msijione wageni peke yenu. Mnaijua ile ndizi ya zege ya mita 13 kando ya barabara kuu, iliyojengwa 1964. Mzee mmoja wetu aliizunguka mara mbili, kisha akauliza kama ni ya kupika au ya kuivisha. Mashamba ya ndizi ndiyo yaliyowavuta hapa Wasikh kutoka Punjab, wale ambao kwetu Tanga tuliwaita Makalasinga. Walianza kama vibarua wa kubeba mikungu, na kufikia 1968 walikuwa wameshafungua hekalu lao Woolgoolga. Leo baadhi yenu mnachuma bluberi kwenye mashamba ya watoto na wajukuu wao. Mwanafunzi wetu mmoja wa Kisikh aliniambia babu yake naye alikuwa akiamka saa kumi alfajiri, kama baba zenu.

Ripoti zimetoka, na simu zimeanza. C si kufeli. Herufi ni A mpaka E, na C maana yake mtoto yuko pale anapotakiwa kuwa kwa mwaka wake. Mtoto aliyeingia nchini miezi 18 iliyopita akiwa hajui kuandika sentensi ya Kiingereza, akileta C ya sayansi, mchinjieni kuku. Mnaniuliza pia amekuwa wa ngapi darasani. Ripoti za huku hazina wa kwanza wala wa mwisho. Ukitaka kujua wenzake wamefanyaje, omba tukuonyeshe wangapi wamepata A, wangapi B, na kuendelea. Jina la mtoto wa mwenzio hutaliona.

Walimu nao ninawafundisha kitu kimoja kila mwaka. Wengine walikuwa wakiandika kwenye ripoti kwamba mtoto fulani "hasikilizi", kwa sababu akisemeshwa anainamisha macho. Nimewaambia: huyo anayetazama chini ndiye anayekusikiliza, kwao kumkodolea macho mkubwa ni ukosefu wa adabu. Ninyi nanyi waambieni watoto kwamba hapa kumtazama mwalimu usoni si ujeuri. Tukutane katikati.

Sasa niseme juu ya wakalimani wetu wadogo.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, kabla habari zangu hazijaenea, nilimwita baba mmoja kwa sababu mwanawe alikuwa akikosa vipindi vya hesabu. Mkalimani alikuwa mwanawe huyohuyo. Nikasema kwa Kiingereza kwamba amekosa vipindi kumi na kimoja. Kijana akamgeukia baba yake, uso mkavu, akasema: "Baba, Mkuu anashukuru vile ninasaidia wenzangu kwenye hesabu." Mzee akatabasamu, akanipa mikono yote miwili. Nilimwacha amalize kufurahi. Kisha nikamwambia, "Shikamoo, baba. Tuanze upya." Macho ya kijana yalifika mlangoni kabla ya miguu yake. Baba yake ndiye aliyeniruhusu niwasimulie, na kijana mwenyewe leo anajifunza ufundi umeme, na akisikia kisa hiki anacheka kuliko sisi sote.

Tumecheka, lakini wengi wao hawadanganyi, na hao ndio wanaonisikitisha zaidi. Wanatafsiri kila neno kwa uaminifu: barua ya mwenye nyumba, majibu ya daktari, deni la umeme. Binti wa miaka 13 anajua maradhi ya mama yake kabla mama hajayajua. Halafu tunashangaa kwa nini anasinzia kipindi cha kwanza.

Mimi sikai ofisini siku nzima, na makarani wetu, pamoja na wema wao, Kiswahili chao kinaishia kwenye "jambo". Kwa hiyo fanya hivi. Piga 131 450, huduma ya wakalimani kwa simu. Atakayepokea atazungumza Kiingereza. Wewe taja lugha tu, "Swahili", au Kirundi, au Kinyarwanda, usubiri. Mkalimani akija mwambie jina la shule na shida yako, watatuunganisha. Hulipi kitu. Hospitalini vilevile, dai mkalimani, usimtoe mtoto darasani akakutafsirie. Asubuhi tunaita majina, na mtoto asipokuwepo utapata ujumbe wa simu. Jibu ndani ya siku 7 kwa maneno mawili matatu: anaumwa, tuna msiba. Tukinyamaziwa tunaandika kwamba hakuna sababu, na zikijaa hizo, jambo linakuwa la kisheria. Nisingependa tufike huko kwa ajili ya mafua tu.

Na nyumbani zungumzeni lugha yenu. Nimeona wazazi wanaomlazimisha mtoto Kiingereza mezani, nao wenyewe wanakijua kwa kuokoteza, basi chakula kinaliwa kimya. Kiingereza cha uwanjani mtoto atakipata ndani ya mwaka mmoja au miwili bila nyinyi. Kile cha vitabu kinachukua miaka mitano hadi saba, na kinapanda haraka kwa mtoto ambaye ana lugha nyingine imara kichwani ya kufikiria.

Kusanyiko letu hufunguliwa kwa salamu ya wenye ardhi hii, Wagumbaynggirr: *giinagay*. Watoto wenu wanaitamka vizuri kuliko walimu wengi. Lugha hiyo ilikuwa imebaki vinywani mwa wazee wachache, maana kuna kizazi kilichokatazwa kuisema. Tangu 1986 kituo cha Muurrbay, kule Nambucca Heads, kimekuwa kikiikusanya na kuifundisha, na 2022 hapa mjini ikafunguliwa shule inayosomesha watoto kwa Kigumbaynggirr na Kiingereza pamoja. Wenzetu walionyang'anywa lugha wanaijenga upya neno kwa neno. Sisi tuliokuja nayo bila kulipia hata kilo moja ya mzigo tunataka kuiacha uwanja wa ndege.

Mengine kwa ufupi. Simu za mkononi haziruhusiwi saa za shule. Ni amri ya jimbo zima kwa sekondari za serikali tangu Oktoba 2023, kwa hiyo msinilaumu mimi. Ukiwa na dharura piga ofisini. Shule haipiki chakula, hakuna uji wala makande. Mtoto aje na chakula chake au anunue kantini. Wali wa jana unatosha kabisa. Mchango wa shule ni wa hiari, na hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada; nimewaona wengine mkimficha mtoto ndani kwa aibu hiyo. Masomo ya kuchagua kama useremala na upishi yana gharama ya vifaa, lakini uko mfuko wa msaada, njoo tuzungumze, hakuna atakayejua. Viatu viwe vyeusi, vya ngozi, vilivyofunika mguu wote, kwa sababu ya karakana. Basi ni bure kwa mwanafunzi wa sekondari anayeishi mbali, kilomita 2.9 au zaidi kwa mguu. Ombeni mapema, maana wengi huomba shule ikishafunguliwa, na kadi huchelewa.

Bahari.

Wengi wenu mmelelewa kando ya Ziwa Tanganyika, na watoto wenu hawaogopi maji. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Nami nilikuwa hivyohivyo. Nilijifunza kuogelea Raskazone, na nilipofika hapa nikajiona mtoto wa pwani mbele ya watu wa bara. Nilisahau kwamba kwetu kuna miamba ya matumbawe huko nje inayolivunja wimbi nguvu kabla halijatufikia. Ufukwe wa huku hauna ukuta huo. Pasifiki inakuja nzimanzima mpaka mchangani.

Jumapili yangu ya tatu nilikwenda kuoga, nikachagua mahali palipokuwa shwari kuliko pote. Mawimbi yalivunjika kushoto, yakavunjika kulia, katikati kimya. Nikasema, hapa ndipo. Dakika chache baadaye watu waliokuwa mchangani walikuwa wadogo kama kuku. Kumbe palikuwa shwari kwa sababu ndipo maji yote yaliyoletwa na mawimbi yanapopitia kurudi baharini. Wenyeji wanauita mkondo huo ripu. Nikapiga mbizi, nikapiga makasia ya mikono, nikamwita Mungu kwa majina yote niliyofundishwa. Aliyenifikia ni binti mwenye kofia ya nyekundu na njano, umri wa wanafunzi wangu wa Mwaka wa 12, kalala kifudifudi juu ya ubao. Neno alilokuwa akinipigia kelele ni kwamba niache kuogelea.

Kaeni na watoto muwaeleze hivi. Ripu haikuvuti chini, inakuvuta nje. Anayekufa humo anamalizwa na uchovu wa kushindana nayo. Ukichukuliwa lala chali, elea, inua mkono, ngoja. Ukiwa na nguvu zilizobaki, ogelea kwa ubavu, sambamba na ufukwe, kuelekea kule mawimbi yanakovunjika, ndiko yatakakokurudisha. Pa kuogelea ni kati ya bendera za nyekundu na njano, si hatua kumi pembeni. Bendera zikishushwa, kuoga kumekwisha, hata kama mwanga bado upo; Desemba huku jua linazama karibu saa mbili usiku, na saa hizo za mwisho, walinzi wameshakwenda kwao, ndizo vijana wanazozipenda. Ukimwona mtu anachukuliwa, usimfuate mikono mitupu, hata akiwa mwanao. Mtupie chochote kinachoelea, piga 000. Na wazee wavuvi mnaopanda majabali kutafuta samaki: vaeni jaketi la kuokolea, msisimame peke yenu, msiipe bahari mgongo.

Muhula wa kwanza tuna mafunzo ya kuogelea, kisha mashindano. Fomu za ruhusa za mwaka huu zilirudi chache kutoka kwetu, na za mabinti zilikuwa chache zaidi. Binti anaruhusiwa kuvaa nguo ndefu za kuogelea, na mafunzo yake yanaweza kuwa na mwalimu wa kike. Fomu mpya nimeibana pamoja na barua hii. Tieni sahihi sasa, kalamu ikiwa karibu. Usipotaka mwanao aogelee, nitafute tuzungumze. Fomu tupu hainiambii kitu.

Tarehe ya kufungua iko kwenye karatasi ya kijani. Ofisi inafunguliwa siku chache kabla ya wanafunzi kurudi, na siku ya kwanza ya ofisi nitakuwepo tangu asubuhi kwa ajili ya wazazi wapya; njooni hata bila miadi. Chai ipo, ya maziwa, yenye tangawizi. Ninaitengeneza mwenyewe, maana hawa hawajui.

Niwatakie Krismasi njema wanaosherehekea, na likizo njema wote.

Wenu katika kazi,
Mkuu wa Shule

N.B. Sanduku la vitu vilivyopotea limejaa. Kuna masweta tisa, kiatu kimoja cha kushoto, na mabakuli sita ya plastiki yenye vifuniko, moja likiwa na dagaa tangu Novemba. Mwenye hilo la dagaa namwomba aje kesho.