Anayeshauri kuhusu kompyuta asivae jezi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu barua mbili mlizochapisha mwezi uliopita. Ya kwanza ilidai kuwa mtu mwenye kazi ya maana hawezi kutumia kompyuta yenye Windows, mfumo wa kuendesha kompyuta wa kampuni ya Microsoft. Ya pili ikajibu kwamba wanaotumia Mac, yaani kompyuta za kampuni ya Apple, wananunua urembo, na kwamba lile tufaha nyuma ya kioo ndilo wanalolilipia. Nimezisoma zote mbili kwa makini, maana mimi ni fundi wa kompyuta hapa Morogoro, huu ni mwaka wangu wa kumi na saba katika kazi hii, na maneno hayo hayo nayasikia kila siku mbele ya meza yangu. Vijana wawili huja pamoja kutengeneza chaja wakaondoka wamenuniana.

Sina ugomvi na utani. Simba na Yanga wanataniana tangu miaka ya 1930. Yanga ikifungwa, shabiki wake analala na huzuni, asubuhi anakwenda kazini, na jirani yake hajapungukiwa na kitu. Ushabiki wa kompyuta hauko hivyo. Shabiki wa kompyuta ndiye huyo huyo anayeombwa ushauri na shangazi, na mwalimu mkuu, na katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa, kwa sababu katika ukoo ni yeye “anayejua kompyuta”. Akishauri huku amevaa jezi, hela zinazopotea si zake.

Nieleze tukio moja. Kuna mama mwenye steshenari ndogo karibu na chuo: anatoa kopi, anachapa barua, anapiga picha za pasipoti. Kwa miaka sita alitumia kompyuta ya mezani ya mtumba, yenye Windows na feni ya kelele. Mtoto wa kaka yake alipomaliza mwaka wa kwanza wa masomo akamshawishi aiuze, aongeze na akiba yake, anunue MacBook, yaani laptopu ya Mac, ya mtumba iliyotoka Dubai. Kijana hakuwa na nia mbaya. Anampenda shangazi yake, na alitaka awe na kitu anachoamini kwa moyo wake wote kuwa ni bora.

Siku ya tatu mama akanipigia simu. Nilikuta foleni imefika mlangoni. Printa yake ya zamani haikuwa na draiva, yaani programu ya kuiunganisha, ya mashine ile. Programu ya kupanga picha nane za pasipoti kwenye karatasi moja, ambayo vidole vyake viliijua hata akiwa anaongea na mteja, ilikuwa ya Windows peke yake. Mbele ya foleni alisimama mwanafunzi mwenye flashi, anataka kurekebishiwa jina kwenye jalada la ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo. Mama alichomeka flashi, faili likafunguka, akafuta jina, akaandika upya, akabonyeza ili kuhifadhi. Mashine ikakataa. Alijaribu mara nne, kila mara akibonyeza kwa nguvu zaidi, kisha akageuka kunitazama bila kusema neno.

Shida ile ina maelezo, na ni vizuri wasomaji wayajue. Flashi ilikuwa imefomatiwa kwa mtindo wa NTFS, ambao ni wa Microsoft. Mac inausoma mtindo huo, lakini bila programu ya nyongeza haiandiki ndani yake. Flashi ikifomatiwa kwa exFAT, pande zote mbili zinasoma na kuandika (nakili kwanza mafaili yako pembeni, kwani kufomati kunafuta kila kitu). Kwa mtu mmoja hilo ni jambo dogo. Lakini mwenye steshenari hawezi kumwambia kila mteja wa shilingi mia tano aende kwanza akafomati flashi yake. Mama yule alipoteza wiki mbili za biashara mwishoni mwa muhula, wakati ambao ndio msimu wake wa mavuno.

Sisemi kwamba Mac ni mbaya. Mashine ile ile ingekuwa mikononi mwa kijana anayehariri video za harusi, ningemwambia aishike asiiachie. Kilichokosekana ni mtu wa kumuuliza mama yule swali moja: shughuli zako za siku nzima ni zipi?

Kambi ya pili nayo isijisifu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida ya masasisho kwa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa (chipu inayofanya kazi ya ubongo wa kompyuta) zilizomo katika orodha yake, jambo linaloziacha nje mashine nyingi za kabla ya 2018. Tangu hapo naletewa laptopu nzima kabisa, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, kioo safi, mwenyewe ameambiwa ni za kutupa. Mzee mmoja mstaafu alikuwa tayari kuuza mbuzi wake anunue mpya. Anachofanya kwenye kompyuta ni kuandika kumbukumbu za kanisa, kusoma magazeti na kuzungumza na binti yake aliye Uingereza. Nilimwekea Linux Mint, aina moja ya Linux, mfumo wa bure unaoweza kushika nafasi ya Windows, bila kumtoza chochote zaidi ya kazi yangu. Jedwali moja la Word lilipofunguliwa kwa LibreOffice, programu za ofisi za bure, lilihama kidogo, tukalinyoosha pamoja. Kijana aliyemshauri alinijia juu: Linux, alisema, ni ya wadukuzi. Hakuwahi kuitumia hata siku moja.

Na nikiwa mkweli, sisi tunaoipenda Linux tunao wenzetu wanaomwekea mhasibu mfumo huo ilhali programu ya mahesabu ya ofisi yake haifanyi kazi bila Windows. Hao nawaweka fungu moja na wengine.

Mwandishi wa barua ya kwanza alisema pia Mac haishikwi na virusi. Hilo lisiachwe hivi hivi, kuna watu watafungua viambatanisho vya barua pepe kwa kuliamini. Mwaka 2012 programu hasidi iliyoitwa Flashback iliingia kwenye Mac zinazokadiriwa kuwa zaidi ya laki sita. Na anayetaka kuichekea Mac kwa hilo akumbuke Mei 2017, programu hasidi nyingine, WannaCry, ilipofunga mafaili ya watumiaji wa Windows nchi baada ya nchi, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba vita hivi tunavipigana kwa niaba ya kampuni ambazo zenyewe hazipigani hivyo. Excel, programu ya majedwali na mahesabu, ambayo shabiki wa Windows huitaja kama silaha yake, Microsoft iliitoa kwanza kwa ajili ya Macintosh mwaka 1985; ya Windows ilikuja 1987. Katikati ya miaka ya 1980 vijana wa Ulaya na Marekani waligombana kuhusu kompyuta za Macintosh (ndiyo Mac ya leo), Amiga na Atari ST, wakaitana majina. Ndani ya mashine zote tatu mlikuwa na prosesa ile ile, Motorola 68000. Hali ya leo si tofauti sana. Chipu za Apple na prosesa za AMD zinazoendesha laptopu nyingi za Windows zinatengenezwa na kampuni moja ya Taiwan, TSMC. Mimi mwenyewe nikifungua mashine ya kambi hii na ya kambi ile juu ya meza moja, chipu za kumbukumbu ninazozikuta mara nyingi ni za Samsung au SK Hynix, huku na huku.

Agosti 1997, jijini Boston, Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alisimama mbele ya wapenzi wa Apple akatangaza kwamba Microsoft inawekeza dola milioni 150 katika kampuni yao, iliyokuwa taabani kwa hasara, na itaendelea kutengeneza Office (Word, Excel na wenzake) ya Mac kwa miaka mitano. Uso wa Bill Gates, mkuu wa Microsoft, ulipotokea kwenye skrini kubwa, ukumbi ukazomea. Jobs akawaambia waachane na wazo kwamba ili Apple ishinde ni lazima Microsoft ishindwe. Wakubwa walikuwa wameshaketi wakakubaliana. Waliobaki na hasira ni wale walionunua kwa fedha zao.

Najua hasira ile inatoka wapi, na siidharau. Kwa mtu wa hapa kompyuta ni mali ya kudunduliza. Umejinyima mambo mengi miaka miwili mpaka ukaipata, umejifunza njia zake zote, mafaili yako yote yamo humo, na utakaa nayo miaka sita au saba. Mtu akija kukwambia uliyoinunua haifai, hasemi juu ya chuma na plastiki. Anagusa jasho lako. Ndiyo maana unajibu kwa ukali, na ndiyo maana siku unapoombwa ushauri unataja ile ile uliyo nayo: kila anayeinunua anakuthibitishia kwamba hukupoteza.

Lakini mteja aliyekwisha kuapa kuwa haondoki, ni kampuni gani itahangaika kumbembeleza? Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mfano wetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, za bure. Baadaye Microsoft nayo ikaleta Kiswahili katika Windows na Office. Shindano la namna hiyo nalipenda kwa moyo wangu wote, maana lilitugombania sisi, na nasikitika kuona vijana wanaojua tarehe ya kila simu na kila laptopu mpya ya Marekani hawajapata kulisikia.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nina ombi kwa ukurasa wenu wa teknolojia. Mnapoandika habari za kompyuta mpya, andikeni pia bei ya betri yake hapa nchini, kama chaja yake inapatikana nje ya Dar es Salaam, kama RAM inaweza kuongezwa au imegandishwa kwenye ubao, na masasisho yake ya usalama yatakoma lini. Hayo ndiyo ninayoulizwa na wanaokuja tayari wameshanunua.

Na kwa vijana walioandika zile barua mbili, sijibu kwa chuki. Mkipita Msamvu, ulizieni kwa fundi kompyuta, karibuni tuzungumze. Mama yule alirudi kwenye mashine ya mezani. Nilimpatia nyingine ya mtumba kwa mkopo wa miezi minne na amebakiza mwezi mmoja kumaliza. MacBook iko juu ya kabati sebuleni kwake, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe. Inatafutiwa mnunuzi, na mpaka leo waliofika kuitazama wametaja bei ya nusu ya aliyoinunulia.

Wako,
Fundi kompyuta,
Morogoro