Kuhusu binti yetu

Mbagala, Dar es Salaam

Shoga yangu Mama Salma,

Habari za Singida? Sisi huku wazima, joto tu ndilo linalotusumbua. Umeniuliza mdogo wako akija Dar atapata kazi gani zaidi ya uyaya, maana shule aliishia kidato cha pili alipopata ujauzito. Nimeliwaza sana.

Kwanza, shule bado ni yake. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mabinti walioacha shule kwa ujauzito warudi darasani. Akiona haya kukaa na watoto wadogo, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo, anasoma na kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Kama moyo wake uko kwenye ufundi, chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe si mbali na kwangu. Ila nikwambie ninachokiona huku: ada siyo inayowaangusha mabinti wengi. Ni nauli ya kila siku, na mtoto aachiwe nani. Jirani yangu alikuwa anasomea umeme, bibi aliyemlelea mtoto akaugua, masomo yakaishia hapo. Hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo la mtoto tulimalize kabla hajapanda basi. Asubuhi nitakaa na mtoto mimi, jioni mama yake atakuwa amerudi.

Umesema anajua kushona. Hilo usilidharau. Kuna binti hapa mtaani anakata kitenge bila patani, anachora chaki mara mbili tatu tu, na gauni linakaa mwilini utadhani limezaliwa naye. Lakini kazi za sare za shule zinakwenda kwa wenye vyeti. Sasa VETA wana urasimishaji ujuzi: fundi anapimwa akiwa kazini kwake, anafundishwa alipopungua, anapewa cheti. Inaniuma kwamba wengi hawajui.

Akishakuwa na wenzake wa kuunda kikundi, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, asiiguse kabisa, tafadhali. Nimeona watu wakibebewa hadi magodoro.

Aje na cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa na matokeo yake ya kidato cha pili. Niambie siku ya safari, nitampokea stendi ya Mbezi.

Wako,
Mama Rehema